Matete ya Mwenye Shamba

Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tukikimbia vita vya kwetu Fizi, tulikodi kipande cha shamba kando ya kijito, si mbali na kambi. Mwenye shamba alikuwa mzee Mmalawi, mstaafu, mkazi wa Nsungwi mjini Lilongwe. Alitupa sharti moja: tusiguse matete ya ukingoni.

"Kwa nini?" nilimuuliza kwa Kichewa changu kibovu.

"Ni yangu," akasema, akaondoka.

Mume wangu hakupenda. Kwetu, wenye bunduki walijificha kwenye matete kabla ya kuingia kijijini. "Huyu mzee iko anaficha bantu mule," aliniambia. "Tuyakate."

Nilimsihi tungoje, ingawa mimi pia nilikuwa nimeanza kumchunguza. Mzee alikuja bila taarifa, akatusalimu juu juu, akapita nyuma ya mahindi na kuchungulia matete. Nikisogea, anaondoka. Kambini watu walinong'ona habari za wapelelezi. Hata jina la kijiji changu sikumtajia.

Asubuhi moja nilimfuata, jembe mkononi. Nikamkuta amechuchumaa. Mbele yake, juu ya kiota kipana cha majani, korongo mwenye taji alikuwa ameatamia.

"Mayai mengine mmekula?" akaniuliza kwa hasira.

"Sisi?"

Ndipo akaeleza. Maofisa wa wanyamapori walikuwa wamemwonya: ndege wale wanalindwa na sheria, na makao yao yakiharibiwa kwenye ardhi yake, yeye ndiye atakayeulizwa, hata kama aliyekata ni mpangaji. Alitunyamazia akihofia kwamba tukijua kuna viota, tutakula mayai.

Mume wangu, fundi cherehani, hakuamini. Alipokwenda Lilongwe kununua nyuzi Old Town, alipitiliza hadi ofisi za serikali za Capital Hill kuuliza. Alirudi amenuna.

"Ni kweli. Mwenye udongo njo anajibu."

"Basi tumwamini."

"We! Na siku moto ukipita pale, atasema nani alichoma?"

Nilingoja aje tena. Nikamwomba mzee twende kwa mkuu wa kijiji, aseme mbele yake kwamba matete yako salama na hatujayagusa. Alikunja uso, lakini alikwenda, akasema.

Makinda yalitoka, yakatembea kwenye mahindi yetu. Mzee aliendelea kuja bila taarifa. Tulisalimiana kwa Kichewa, zikomo, zikomo, kisha kila mara mume wangu aliacha kulima, akamtazama mpaka afike barabarani.