Mawasiliano Mazuri, Kizimba cha Tatu

Selina Chenge ana stashahada ya elektroniki, na kwa miaka minne amekuwa fundi wa ushirika wa wafugaji wa sato ufukweni karibu na Butimba. Kila kizimba cha samaki kina kibanda cha mlinzi juu ya maji, na ndani yake kifaa cha betri ambacho, kwa waya uliofungwa wavuni, huhisi wavu ukitikiswa. Ili betri idumu, kifaa hurusha ujumbe mfupi kila dakika kwa mawimbi hafifu ya redio, kisha hulala. Ujumbe hupokelewa na kompyuta ya ofisini, ufukweni.

Juni iliyopita kizimba cha tatu kilianza kunyamaza kila siku, saa tisa alasiri hadi kumi na moja. Walipovuna, samaki walikuwa pungufu. Mlinzi wa kizimba hicho ni mzee Luhaga.

"Mtandao wa pale ukoje?" aliuliza mwenyekiti, Yakobo.

Selina alitazama skrini. Iliandika: mawasiliano mazuri.

"Mzuri, mwenyekiti."

"Basi kuna mkono wa mtu. Anazima, anaiba, anawasha. Andika hivyo. Kesho kikao kinamfukuza."

Selina aliandika, akatia sahihi. Namheshimu dada huyu, lakini hapo alikosa: alimhukumu mtu mzima kwa maneno mawili ya mashine.

Hata hivyo alitaka kuona kwa macho. Saa tisa na nusu alipanda mtumbwi bila kumwambia mtu isipokuwa Rebeka, karani wa ofisi. Alitia nanga nyuma ya kibanda cha mabati cha mlinzi, akaingia ghafla.

Luhaga alikuwa ameketi, redio mapajani. Mikono yote miwili ilionekana. Taa ya kifaa ukutani ilimetameta, ishara kwamba kinarusha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unanyatia kama fisi maji. Umekuja kunikamata?"

Selina alitoa simu. Alimpigia Rebeka. "Kimerusha sasa hivi. Umepata?"

"Sijapata kitu. Kuna wa dakika kumi na mbili zilizopita tu. Ila skrini bado inasema mazuri."

Selina alitazama huku na huku. Dirisha la upande wa ufukweni lilikuwa limefungwa kwa bati.

"Hilo bati, baba?"

"Jua la alasiri linanichoma macho. Yakobo mwenyewe ndiye aliyeniletea. Nalo nimeliiba?"

"Naomba ulifungue."

Mzee alilifungua akinung'unika. Baada ya dakika mbili Rebeka akapaza sauti kwenye simu: "Zinaingia!"

Kumbe bati lilizuia mawimbi yale hafifu, na skrini ilipima nguvu ya ujumbe uliofika tu. Ule uliopotea haukuwa na wa kuusemea. Jioni hiyo Selina alifanya kazi aliyopaswa kuifanya kwanza: kila ujumbe una namba yake, akahesabu namba zilizokosekana. Katika mia na ishirini za alasiri ya jana yake, zilifika tisa.

Kikaoni alisimama na taarifa yake mkononi. "Nilichoandika si kweli," alisema, akaichana mbele ya Luhaga.

"Na samaki?" Yakobo aliuliza.

"Sijui. Wala wewe hujui."

Luhaga alibaki kazini. Aliyechukua samaki, kama yupo, hajajulikana, na Yakobo bado humtazama mzee kwa jicho la pembeni. Kifaa kimehamishiwa juu ya paa. Selina akimwamkia Luhaga, mzee hujibu marahaba akitazama ziwani. Hajamsamehe, na Selina hajamwomba afanye haraka.