Uchafu wa Dobi

Mume wangu ni dobi. Yeye na uchafu ni paka na panya. Aliponunua tangi la samaki lenye chujio, muuzaji alimpa dawa ya kupimia maji. Yakigeuka kijani, sumu bado imo. Yakiwa njano, aje achukue samaki.

Kila asubuhi, kama alivyoagizwa, alidondosha chakula kidogo cha samaki tangini ili kuyaandaa maji, akapima. Kijani. Wiki zikapita, kijani tu. Jirani akamtania, "Dobi, siku hizi unafuga maji?" Mume wangu akakaza uzi: samaki hawaingii kwenye sumu.

Nikachoka, nikampigia muuzaji mwenyewe. Akauliza, "Sponji ya chujio mnaiosha?"

"Anaiosha kila jioni, kwa sabuni, mpaka inang'aa."

"Mama, vijidudu vinavyokula sumu ya chakula kinachooza vinaishi kwenye ule utelezi wa sponji. Anaviua kila jioni!"

Nilipomweleza, mume wangu aliirudisha sponji tangini. Tangu hapo hakuigusa tena, ingawa mikono ilimwasha. Sponji ikawa nyeusi, ikateleza, akavumilia. Kijani kikaanza kufifia.

Jana alikuja mama mkwe, ndiye aliyemfundisha mwanawe kufua. Kuiona tu sponji, akachukua ndoo na sabuni. Mume wangu akaruka kutoka kitini.

"Mama! Niachie uchafu wangu!"