Tantine Alionja Kwanza

Nilikuwa na miaka minane Jumamosi ile tumbo liliponikata kwa mara ya kwanza, nyumbani kwetu Kadutu, mjini Bukavu. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimekunywa kikombe cha maziwa. Hayo mawili ni kweli. Yaliyosemwa baadaye yalijengwa juu yake.

Maziwa yaliletwa na Tantine Nabintu, dada yake baba, aliyefuga ng'ombe mmoja kule Miti, nje ya mji. Alishuka garini na kidumu kilichofungwa kwa kitenge, akamimina, na kabla ya kunipa akanywa funda moja yeye mwenyewe. Kwetu hiyo ndiyo adabu: anayekupa kinywaji huonja mbele ya macho yako, uone kwamba hakutia karuho. Karuho ni sumu ambayo watu wa kwetu husema hutiwa chakulani na mtu wa karibu. Haiui siku ileile. Hukaa tumboni na kummaliza mtu polepole.

Koko, mama yake mama, aliishi nasi. Yeye na Tantine walikosana kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini. Aliponikuta nimejikunja kitandani, alipasha kiganja chake moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akakiweka juu ya tumbo langu.

"Ulikula nini ingine?"

"Maharagi ya mama."

"Maharagi ya mama haina shida. Ni ile maziwa. Si nilisema? Ukikunywa kwa ule mwanamuke, utaumwa."

"Lakini alionja, Koko."

"Mulozi iko na dawa yake. Yeye haimufanye kitu."

Jumamosi iliyofuata Tantine alimimina tena, akaonja. Koko alikuwa mlangoni akinitazama. Nilikunywa nikiwatupia wote wawili macho kwa zamu, na kabla ya chakula cha mchana tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma. Onyo la Koko lilikuwa limetimia mbele ya nyumba nzima.

Walinipeleka kwa mganga Mudaka. Alininywesha majani machungu, nikatapika ndani ya beseni, akaingiza vidole humo na kutoa kifundo kidogo cha nywele. "Karuho hii hapa," alisema. Koko alilia kwa furaha. Juma lile lile niliumwa tena, baada ya sahani ya maharagi nyumbani, na Tantine hakuwa amekanyaga kwetu. Hakuna aliyelitaja hilo.

Tantine alipokuja tena, Koko alimpokea kidumu langoni, akakiinamisha. Maziwa yalichora mstari mweupe kwenye udongo mpaka mferejini.

"Maman," Tantine alisema, "mutoto ni damu yangu."

"Ndio maana unamuwezea."

Tantine alikifunga upya kidumu kitupu kwa kitenge, fundo baada ya fundo, kana kwamba bado kimejaa. Akaondoka. Hakurudi tena Kadutu, na huko Miti watu walianza kukataa maziwa yake.

Nilikua na tumbo hilo. Liliniuma siku za mitihani, liliniuma kwenye harusi, liliniuma siku yangu ya kwanza kusoma habari redioni. Ilinichukua miaka kupata daktari aliyepima kila kitu na kusema hakuna kidonda wala mdudu, na bado akaniamini kwamba naumwa. Utumbo wangu, alisema, ni wa kukasirika upesi. Haui, hauponi kabisa, lakini unaweza kuishi nao kwa amani ukijua unachoulisha. Tulianza kuondoa chakula kimoja kimoja, kisha kukirudisha na kungoja. Maziwa yalirudi na maumivu. Vitunguu pia. Maharagi navumilia vijiko viwili, si zaidi. Wali, bitoke, zile ndizi za kupika, karoti na sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, tumbo huvipokea vizuri.

"We ni Mushi gani hakule maharagi?" wenzangu wa kazini hunicheka, maana Mushi, mtu wa kabila letu, hulelewa kwa maharagi. "Siku ya kufa tutakuzikia kwa karoti!"

Daktari aliongeza jambo moja: hofu nayo humo tumboni huingia. Nilifikiria mlango ule, Koko akinitazama, Tantine akinitazama, na mimi katikati na kikombe. Sijui ni kiasi gani cha maumivu yale kilikuwa maziwa.

Nilimweleza Koko. Sasa amezeeka, lakini masikio yake bado mazima.

"Kumbe ilikuwa maharagi?"

"Maharagi, maziwa, kitunguu. Na woga."

"Na ile nywele ya muganga?"

"Sijui alikoitoa, Koko. Karuho haikuwa."

Alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba alimchukia Tantine kuliko alivyonipenda mimi. Siku hiyo niliona kinyume chake. Mtoto alikuwa anaumwa na hakuna aliyejua kwa nini; alitafuta mtu wa kumzuia mlangoni, kwa sababu ugonjwa usio na jina huwezi kuuzuia.

"Ile gari ya Miti," akasema, "ingali inatokea pale pale?"

Tulikwenda Jumapili, baada ya misa. Tantine alitutambua kabla hatujafika uani. Alimshika Koko mkono, akamketisha, na hakuuliza tumefuata nini. Nilipomweleza habari za tumbo langu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Sambaza unakula?" Akamtuma mkwewe aipike bila kitunguu.

Halafu akaleta kikombe cha maziwa kwa ajili ya Koko, akakiinua mdomoni kwake.

Koko alinyoosha mkono. "Usionje," alisema. "Leta tu."

Tantine alisita, akampa.

Koko alikunywa yote. Mimi nilikula sambaza na bitoke, na sikuumwa.