Mateka Niliyemfunza Adabu

Tangu jana hasira zimenipanda na hazishuki, na wa kumlaumu sina ila mimi.

Mimi ni mkalimani wa mateka wa vita, Wataliano wanaojenga barabara hapa Changamwe. Mmoja wao, Pietro, hunifunza Kitaliano, ambacho bado nakijua kidogo, nami humfunza Kiswahili, maana nilikuwa mwalimu wa chuo.

Neno lao "lavorano", yaani "wanafanya kazi", nililipigia makofi manne kama nilivyozoea chuoni: la-vo-ra-no. Nikakaza sauti kwenye kofi la tatu, kama Kiswahili chetu. Pietro akaendelea na neno jingine. Nikajiona bingwa, mpumbavu mimi!

Jana akaja bwana mkubwa kukagua kazi. Nikasimama kifua mbele, nikawaonyesha mateka kwa mkono, nikanguruma: "LavoRAno!" Wakaangua kicheko hata sepetu zikawaponyoka. Kumbe wao hukaza kofi la kwanza!

Nikamgeukia Pietro. "We! Miezi mitatu wanisikia nikikosea, na hunambii?"

Akainamisha kichwa. "Samahani, mwalimu. Siku ya kwanza kabisa ulinambia, mwenye adabu hamkosoi mwalimu wake."