Kuku Aliyeletwa kwa Shangazi Nekesa

Samli ikiungua pamoja na nafaka hutoa harufu tamu inayokereketa koo. Nimehama miji mingi, sijui kutulia, lakini nikiinusa tu, ndugu zangu, narudi Kitengela, niko darasa la tano, siku Shangazi Nekesa alipovishwa shanga.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amejiunga na waumini wa Krishna, mungu wa Wahindu. Alikuwa na miaka miwili bila kuonja nyama, na majirani zetu Wamaasai walimhurumia kama mgonjwa. Siku hiyo mwalimu wake wa dini angemvisha shanga za mti wa tulasi na kumpa jina jipya. Baba aliapa hatakanyaga huko. "Nekesa ni jina la nyanya yetu," alimwambia. "Ukilitupa, usiniite ndugu."

Basi nilienda na Mama. Chini ya hema waumini walirusha nafaka na samli motoni, huku Shangazi, ndani ya sari ya manjano, akiahidi kutokula nyama wala kunywa pombe. Akavishwa shanga, akapewa jina. Macho yake yalikuwa langoni.

Hapo ndipo Baba akaingia na koti lake la Jumapili, kwapani ameshika kuku mweusi, miguu imefungwa kwa katani. Watu wakageuka kumtazama.

"Yesu wangu! Baba Nafula, umeleta kuku hapa?" Mama akanong'ona.

"Sasa niende kwa dada yangu mikono mitupu? Ama ningebeba maharagwe?"

Mtu akacheka. Shangazi akainuka, akampokea kuku kwa mikono miwili, akamfungua kamba.

"Asante, ndugu yangu. Huyu atakaa na mimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka azeeke."

Baba akakuna kichwa. "Haya, Nekesa."

"Bee," Shangazi akaitika, shanga mpya zikiwa shingoni.

Baba alikula dengu akilalamika kwamba haina kitu ndani, kisha akaomba nyingine.

Kuku yule alizeeka hadi akachechemea, na watoto wa majirani walikuja kumshangaa. Kwa miaka mingi nilimcheka Baba: mtu anasahau vipi kwamba dada yake hali nyama? Juzi tu, nikimchagulia dada yangu kuku wa kumpelekea, ndipo mkono wangu ukasita. Kwetu wa kuchinjwa ni jogoo. Siku ile Baba aliwapita majogoo wote wanne bandani, akamchukua mtetea wa Mama, yule aliyetaga kuliko wote.