Duka la Nne Limefungwa

Kuna watu wanaokimbia ili wapungue, na kuna Kapteni na wenzake, ambao walikimbia ili wale keki. Kila Jumamosi asubuhi walitoka watu wanane, wakapiga kilomita ishirini na mbili za mitaa ya jiji, na njiani maduka sita ya keki. Kapteni mwenyewe ni fundi umeme, mtu wa makamo, na kitambi chake hakijambo. Yeye ndiye aliyepanga njia na yeye ndiye aliyetunga sheria. Zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, hakuna kubeba chakula. Unafika dukani na njaa yako kamili. Ya pili, hakuna kumngoja mzembe. Kipande chake kinafungwa kwenye karatasi, atakikuta kaunta.

Mzembe siku zote alikuwa dada yake, mwalimu wa chekechea. Wazazi wao walifariki yeye Kapteni akiwa na miaka kumi na tisa na binti ana sita, akamlea, na mpaka leo alimsema kama mtoto aliyepanda kitandani na matope. Mwaka jana binti akapatikana na kisukari. Akajifunza kujipima, akajifunza kujichoma sindano, na mbio hakuacha. Kapteni hakuuliza mengi. Ugonjwa ule ulimtisha, na yeye kitu kikimtisha hukigeuza mzaha.

Basi Jumamosi hiyo akapekua mifuko ya watu kabla ya kuanza, kama kawaida yake, akakuta pakiti ya pipi kwa dada yake.

"Hizo niachie, kaka."

"Mgonjwa wa sukari na pipi, wapi na wapi? Mdogo wangu, unataka kunipandisha presha?"

"Ni za dharura, kaka."

"Dharura gani, na kila baada ya kilomita chache unakula keki?"

Watu wakacheka. Binti naye akaona haya kubishana mbele za watu. Pakiti ikaingia mfukoni mwa Kapteni, na safari ikaanza.

Duka la kwanza skonzi, la pili donati, la tatu biskuti za nazi. Pale la tatu binti alikwenda msalani akakawia, akatoka akifunga kimkoba chake cha sindano. "Nyie tangulieni," akasema. "Nimeshajichoma ya keki ya duka la nne. Kipande changu kiwe kikubwa." Duka la nne ndilo lililokuwa na keki ya krimu, na aliisubiri wiki nzima.

Wakafika la nne, milango imeshushwa. Karatasi imebandikwa: Tumefunga. Tuna msiba. Kapteni hakuwa amepiga simu kuuliza. Angepiga ya nini, na duka hilo halijawahi kufunga Jumamosi?

"Twendeni la tano," akasema. "Ataikuta karatasi, atatufuata."

Huko la tano alitia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha jasho, pakiti ikadondoka kaunta. Mkunga, mwanamama aliyekimbia nao tangu mwanzo, akaitazama.

"Hizi si za mwalimu?"

"Nilimnyang'anya. Mtu ana sukari, anakula pipi?"

Mkunga akaweka kikombe chini. "Kapteni, hizo ndizo zinazomwokoa sukari ikishuka. Amekimbia, amejichoma sindano ya kushusha sukari, na keki hakula. Yuko wapi?"

Kapteni akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mkunga akatoka mbio kutafuta teksi, lakini barabara ilikuwa imejaa magari yasiyosogea, na Kapteni hakuweza kungoja. Akakamata pakiti akarudi alikotoka, kilomita tatu, kwa miguu iliyokwisha kukimbia kumi na nane.

Aliogopa. Sikufichi, aliogopa mpaka meno yakagongana juani. Kila mwanamke mwenye fulana ya njano kama ya dada yake alimfanya moyo umruke. Kwenye kivuko aliona watu wamekusanyika, akawasukuma kama kichaa, kumbe wanatazama baiskeli iliyovunjika. Akawa anaomba kwa sauti, watu wanamgeukia: nichukue mimi, huyu muache.

Alimkuta ameketi mlangoni pa duka la nne. Nguo zimelowa chapachapa, uso umepauka, anaugonga mlango polepole kwa kiganja. Akamtazama Kapteni kama mtu asiyemjua.

"Waambie wafungue mlango," akamwambia. "Wenzangu wameniwekea kipande changu humo ndani."

Kapteni akaichana pakiti kwa meno. "Tafuna, mdogo wangu. Tafuna tu." Pipi moja, mbili, tatu, huku amemshika kidevu kama alipokuwa akimlisha uji zamani. Mkunga akafika na soda, wakamnywesha kidogo kidogo. Dakika zikapita, na hakuna dakika ndefu kama hizo. Mwishowe macho yakatulia.

"Kaka. Mbona unalia?"

Binti akazichukua pipi zilizobaki mkononi mwake, akazitia mfukoni na kufunga zipu. Halafu akainua macho akaisoma ile karatasi mlangoni, polepole, kama anawasomea watoto wake darasani.

"Maskini," akasema. "Wamefiwa."

"Ndiyo, mdogo wangu. Ni wao, si sisi," Kapteni akasema, na akaona aibu kwa jinsi alivyoshukuru.