Venye AI agent alitangaza koito kabla ya wazee, na venye nikaandika documentation upya

Wakuu, hamjambo.

Wewe rafiki yangu unayesoma hii, keti hapa nikumiminie chai. Nitakuambia ukweli wote, Mungu ananiona, hata ile sehemu nilichekwa.

Mimi ni mama wa huku Kapkatet. Shule nilimalizia kwa ngumbaro, ile ya watu wazima, jioni, nikishamaliza kukama ng'ombe. Sunday school nafundisha mpaka leo.

Sasa kanisani kwetu kuna kijana anaitwa Kirui, hupiga keyboard. Huyu Kirui alitengeneza tool ya AI agents.

Wacha nieleze kidogo. AI agent ni kama mfanyakazi anakaa ndani ya simu. Unampa kazi, anafikiria, anaandika. Lakini hana mikono ya kufika Facebook na hizo zingine. Tool ya Kirui ndiyo mikono. Agent akishaandika, tool inapost.

Shida ilikuwa documentation, yaani maelezo ya venye inatumika. Kirui aliandika English ya computer tupu.

Akaniambia, "Mama, watoto wa Sunday school wanakuelewa wote. Niandikie ya Kiswahili, akina mama waitumie."

Kikundi chetu tunauza mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, na tuna page ya Facebook, so nikakubali. Niliomba kwanza, halafu nikaanza.

Mimi nikifundisha lazima nitumie mfano wa kitu watu wanajua. Hiyo wiki, kwetu maneno ilikuwa moja tu: koito ya Chepng'eno, msichana wa dada yangu Rael. Watu wa kijana anayemuoa walikuwa wanatoka Chepseon, wakuje Jumamosi wakae na wazee wetu.

Kwa wale si wa huku: koito ni siku wazee wa pande mbili wanakaa kupanga ndoa na mahari, na kabla yake hakuna mtu anatangaza. Kijana na msichana wanaweza kuwa wamekubaliana kitambo, lakini wazee lazima waulizane ukoo kwanza. Mkipatikana ni ukoo moja, hakuna ndoa. Wakisema ndio, ndio siagi inapakwa kwa vichwa na watu wanapiga vigelegele.

Mimi nikiwa natafuta mfano, nikaambia agent, kwa hiyo tool Kirui alikuwa ameunganisha na page yetu: andika post ya kutangaza koito ya Chepng'eno.

Wueh! Akaandika vizuri. Maua, pongezi, "familia mbili zimekuwa moja". Nikafurahi, nikijua ananionyesha tu. Nikaenda kupindua chapati.

Simu ikalia. Rael.

"Leah! Nani amekutuma utangaze mtoto wangu?"

"Si mimi, ni agent."

"Agent ni wa ukoo gani?"

Wakuu, nikafungua page mbio. Post ilikuwa imeenda, live, na watu wanaandika Amen chini.

Nikaitoa mbio. Lakini shangazi wa kijana, huko Chepseon, alikuwa ameona. Wazee wao wakisema tumewadharau, hawakuji. Na Chepng'eno alikuwa ameketi kwa mama yake, hataki kula.

Nikapigia huyo shangazi mwenyewe. Nikaomba msamaha, nikaeleza agent, nikaeleza tool.

Halafu akasema, "Kumbe mmemaliza wenyewe, sisi tukuje kula tu?"

"Hapana mama, ni makosa yangu."

"Basi ambia hiyo mashine ituambie pia ni ng'ombe ngapi, wazee wapumzike."

Akaanza kucheka! Alicheka mpaka akakohoa. Akasema watakuja, na wazee wataulizana yote kama kawaida.

Nilipiga magoti hapo hapo jikoni. Chapati iliungua, asante Yesu.

Kirui akakuja tukaangalia pamoja. Kumbe iko setting inaitwa approval. Ukiiwasha, agent akiandika, post inangoja mpaka mtu afinye kusema iende. Usipoiwasha, inaenda yenyewe. Kwa English yake hiyo ilikuwa chini kabisa, na mimi niliruka nikifikiri ni ya wataalamu.

Nikatoa vile nilikuwa nimeandika, nikaanza upya. Kitu ya kwanza sasa, kabla hata ya password, inasema hivi:

"Agent ni kama kijana na msichana, anaweza kukubali mapema. Wewe ndiye wazee. Washa approval, na post isitoke kabla wazee hawajasema ndio."

Nikasomea akina mama. Hakuna hata mmoja aliuliza mara ya pili. Kirui alicheka, akaenda kubadilisha tool yake, approval ikuwe imewashwa tayari.

Jumamosi wageni walifika. Wazee waliulizana ukoo mpaka mursik ikapungua, na hawakupata undugu. Wakasema ndio. Shangazi aliingia akiuliza kwa sauti, "Mashine iko wapi, nisalimie?"

Chepng'eno akapakwa siagi, analia na kucheka.

Agent alikuwa ameandika post, inangoja. Nikapatia Rael simu, nikamwambia, "Wewe ndiye mwenye mtoto. Finya." Akafinya na kidole bado iko na siagi. Screen yangu inateleza mpaka leo, na sitaki kuipanguza.

Nilichojifunza: ukiandikia watu maelezo, ile kitu inaweza kuwaaibisha iweke mbele, na uiseme na maneno ya kwao.

Wewe kwenu ungeeleza approval na mfano gani? Niandikieni hapa chini, nasoma zote.

Na kama unajua mtu amepatia AI page ya kanisa, ya chama ama ya duka, mtumie hii leo. Mwambie awashe approval kwanza.